Baiskeli ya umeme ya kwanza: goti la kulia halikunji vizuri, nichukue ipi?

mkazi_wa_kange

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mwongozo kabla sijatoa pesa.

Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Kange hapa Tanga, na kazi yangu iko mjini upande wa bandarini. Ni kama kilomita 7 kwenda na 7 kurudi, lami karibu njia nzima, tambarare isipokuwa vipandio viwili vifupi. Nina kilo 74. Goti la kulia lilivunjika likawekewa chuma. Limepona, ila halikunji kama zamani, na nimeambiwa nisilisukumie nguvu. Mguu wa kushoto ni mzima kabisa. Daktari ameruhusu baiskeli mradi nisikanyage kwa kukaza.

Nina njia mbili. Ya kwanza, shemeji yuko Ujerumani na amepata baiskeli ya umeme ya mtumba ya mwaka 2016, mota ya Bosch iliyokaa katikati kwenye pedeli, anaweza kuituma kwa kontena. Ya pili ni ya Kichina, iko dukani Dar: mota kwenye gurudumu la nyuma, 48V, na ina eksileta ya kubonyeza kwa kidole gumba. Shemeji anasisitiza ile ya kwake ni imara zaidi. Bajeti yangu ni milioni 2.

Ipi inanifaa? Betri na mota ziwe na ukubwa gani? Na je, kwenye pedeli kuna kitu cha kurekebisha ili goti lipumue?

fundi_spoki

Pole kwa goti, dada. Kuhusu uimara, shemeji yako yuko sahihi. Ila mota ile imetengenezwa kwa mtu mwenye miguu miwili inayosukuma, na hilo ndilo la kulitazama kabla ya wati na kilomita: baiskeli inajuaje kwamba unataka kwenda?

Nyingi za bei nafuu zina sensa ya mzunguko. Ni kisahani kidogo chenye sumaku, mara nyingi 12, kilichovaa ekseli ya pedeli. Pedeli zikizunguka kwenda mbele, mota inawaka. Sensa hii haijali umekanyaga kwa nguvu kiasi gani. Ukizungusha polepole kama unakoroga uji, inatosha. Kasoro yake ni kuchelewa: inachukua robo hadi nusu mzunguko kabla ya kuwasha, na ukiacha kuzungusha mota inaendelea kusukuma kwa muda mfupi.

Aina ya pili ni sensa ya nguvu. Hiyo hupima msukumo wa mguu na kuuzidisha: ukikanyaga kidogo inakupa kidogo, usipokanyaga haikupi kitu. Ukiizoea ni tamu mno, unahisi kama mguu wako mwenyewe umepata nguvu. Bosch ya shemeji iko kundi hili.

Ya tatu ni eksileta, ambayo haihitaji mguu kabisa. Hapa ndipo baiskeli ya Ulaya inapokwama kwako. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka mota ya wati 250 za kuendelea, isaidie tu pale pedeli zinapozunguka, na ikate msaada mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Kinachoruhusiwa bila pedeli ni kitufe cha kusaidia unapoitembeza kwa miguu, kisichozidi kilomita 6 kwa saa. Kwa hiyo kwenye Bosch hakuna eksileta, na hakuna fundi wa mtaani atakayekuongezea.

Kuna pia betri. Za kizazi hicho ni za Wh 400 au 500 (Wh ni wati-saa, kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri), na ya 2016 seli zake zimezeeka hata kama ilitunzwa. Betri na mota ile huwasiliana, huwezi kuchomeka pakiti nyingine ya 36V ikakubali. Ikifa hapa Tanga, umebaki na baiskeli ya kilo 24 ya kukanyaga kwa miguu. Na shemeji asidhani ataibeba kwenye begi akija likizo: kwenye ndege abiria anaruhusiwa betri ya hadi Wh 100, au hadi 160 kwa idhini ya shirika.

Mimi ningechukua yenye eksileta NA sensa ya mzunguko kwa pamoja. Eksileta ikuondoe kwenye kusimama, maana hapo ndipo goti huumia, kisha mguu uzungushe taratibu ukiwa umeshashika mwendo.

Kuhusu pedeli namwachia mazoezi_tiba, maana bila kipimo cha goti tutabahatisha.

mazoezi_tiba

Asante fundi. Dada, "halikunji vizuri" haitoshi, tunahitaji digrii. Kaa kwenye ukingo wa meza imara, paja lote lilale juu ya meza, mguu uning'inie. Uache ukunje wenyewe hadi pale unapokaza bila maumivu. Mtu akae kando: muundi ukiwa wima kabisa, goti limekunja digrii 90. Ukishindwa kufika wima, weka simu yenye programu ya kupimia usawa juu ya mfupa wa muundi, usome imebaki digrii ngapi. Ikibaki 10, basi goti lako ni la 80. Pima jioni baada ya kazi, wakati goti limechoka, na urudie mara tatu.

Sababu ya kukusumbua ni hii. Mkono wa pedeli (mafundi huuita krenki) wa baiskeli ya kawaida ya mtu mzima ni milimita 170. Kwa mtu mwenye paja la sentimita 42, na sentimita 45 kutoka goti hadi unyayo, pedeli ikiwa juu kabisa goti linatakiwa kukunja kama digrii 110. Mkono ukiwa milimita 127, inashuka hadi kama 95. Ukiwa 100, ni kama 85. Ukiwa 75, karibu 74. Hesabu hizi zinachukulia kwamba kiti kimepandishwa kiasi kilekile ulichofupisha mkono, ili pedeli ikiwa chini mguu unyooke vilevile kama mwanzo.

Hilo la kiti ndilo linaloharibiwa mara nyingi. Watu hufupisha upande mbovu peke yake na kuacha upande mzima na mkono wa 170. Matokeo yake kiti hakipandi, kwa sababu mguu mzima hautafika chini, na goti bovu linapata nusu tu ya nafuu. Fupisha pande zote mbili kwa milimita 10, pandisha kiti milimita 10, na pale juu goti limepata nafasi ya milimita 20. Ukifupisha upande mmoja unapata 10 tu.

Usifunge kwa kipimo cha mwisho cha goti. Acha digrii 10 za akiba, kwa sababu barabarani kuna mashimo na mguu hurushwa. Goti likisukumwa kupita mwisho wake, hata mara moja, litavimba siku tatu.

Jambo moja linakupendelea: tunaendesha kushoto, na mguu wako mzima ni wa kushoto. Ukisimama, mguu unaoshuka ni ule wa upande wa ukingo wa barabara. Jizoeze hivyo tangu siku ya kwanza. Kupanda, simama kushoto kwa baiskeli, iinamishe kuelekea kwako, breki zote mbili umezishika, kisha pitisha mguu mgumu kwanza. Kwa hiyo fremu iwe ile ya kike, iliyoshuka katikati. Pima dukani kutoka ardhini hadi sehemu ya kupitisha mguu: ikizidi sentimita 35 mguu wako utagonga. Ikiwa 25 ni raha.

magurudumu_matatu

Sijaona mtu akitaja ya magurudumu matatu, na kwa tatizo la mguu ndiyo ningeanza nayo. Husimamishi mguu chini, kiti unakiweka juu utakavyo, na nyuma kuna kikapu cha mizigo.

mazoezi_tiba

Ni wazo la kweli, lakini si kwa kila mguu. Kipimo changu ni hiki: simama kwa mguu mzima peke yake bila kushika kitu. Ukimaliza sekunde 20 bila kuyumba, mbili zinakutosha. Ukishindwa 10, nenda kwenye tatu bila aibu yoyote.

Tatu ina gharama zake. Nyingi zina kilo 35 hadi 45, upana wa nyuma kama sentimita 75, na haziinami kwenye kona. Ukiingia kona kwa kilomita 20 kwa saa, gurudumu la ndani linanyanyuka. Halafu lami yenye mteremko kuelekea mtaroni hukuvuta kushoto safari nzima, na kazi ya kuizuia inahamia kwenye mabega.

mkazi_wa_kange

Nashukuru sana wote. Nimepima jana na leo jioni: 84, 86, 85. Kusimama kwa mguu wa kushoto nimefika sekunde 30 bila shida. Kwa hiyo ya magurudumu mawili. Sasa naona swali la mikono mifupi ndilo langu. Na je, kwa kuwa mguu mzima upo, siwezi kuweka ule mbovu kwenye kikanyagio kisichozunguka, kama cha pikipiki, nikakanyaga kwa mmoja?

kebo_na_volti

Naanza na hilo la mwisho. Ingekuwa mguu mbovu ni wa kushoto, fundi angeutoa mkono wa kushoto mzima na kufunga kikanyagio. Wa kulia ndio umebeba gia ya mbele na cheni, hautoki. Ukiondoa pedeli peke yake, mkono utabaki ukizunguka na kukupiga kwenye muundi. Kwa hiyo fuata njia ya kufupisha.

Na mikono ikifupishwa, hoja ya Bosch inaisha yenyewe. Sensa ya nguvu haisomi msukumo tu, inasoma msukumo mara urefu wa mkono. Kanyaga kwa nguvu ileile kwenye mkono wa milimita 75 badala ya 170, na sensa inaona asilimia 44 tu. Yaani unalihurumia goti, na baiskeli inakuelewa kuwa hutaki kwenda, inapunguza msaada. Sensa ya mzunguko haina habari na urefu wa mkono.

Betri sasa. Kwa uzito wako pamoja na baiskeli ya kilo 27, tambarare kwa kilomita 22 kwa saa bila kukanyaga, mota inavuta kama wati 185 kutoka kwenye betri. Ongeza kusimama na kuondoka, ongeza upepo wa baharini, weka Wh 12 kwa kilomita. Kilomita 14 zako ni Wh 168 kwa siku. Betri ya 48V 10Ah (volti mara ampea-saa) ina Wh 480. Ukitumia asilimia 80 unapata 384, siku mbili kamili hata umeme ukikatika usiku mmoja. Hata ikipoteza theluthi ya uwezo baada ya miaka, siku moja inaiweza bado. Usishawishiwe kuchukua 20Ah. Ni kilo nyingine kama tatu za kubeba, na kazi hiyo huna.

Uliza kwa sauti: ni lithiamu au ni asidi? Zinazofanana na vespa ndogo nyingi bado zina betri nne za asidi za 12V, jumla kama kilo 16. Hizo ukizivuta kwa nguvu hazitoi hata uwezo ulioandikwa. Chaja nazo zisichanganywe kamwe: ya lithiamu ya 48V (seli 13) hukomea 54.6V, ya asidi huenda karibu 59V. Ukiona chaja iliyoandikwa 58.8V imeambatanishwa na betri ya lithiamu ya seli 13, iache hapohapo dukani.

Kuhusu mota, usisome kibandiko cha gurudumu. Soma kibandiko cha kontrola (kisanduku kinachodhibiti umeme wa mota), tafuta ampea. 48V mara 15A ni wati 720 za juu kabisa. Kipandio cha asilimia 6 kwa kilomita 12 kwa saa kinakutaka kama wati 340, kwa hiyo 15A hadi 18A inatosha na ziada. Chagua mota ya kitovu (ile ya katikati ya gurudumu) yenye gia ndani: inazunguka huru ikizimwa, tofauti na zile kubwa zisizo na gia ambazo sumaku zake hukuvuta nyuma chaji ikiisha. Adui yake ni kupanda mlima mrefu ukitambaa kwa kilomita 6 kwa saa. Joto hupanda na gia zake za nailoni hulainika. Tanga hiyo si hofu, ila usiipeleke Lushoto.

Dukani nenda na mita ya volti, au fundi mwenye nayo. Betri imejaa: isome 54 na ushee. Panda, bonyeza eksileta mpaka mwisho ukiondoka, mwenzako asome volti kwenye kioo (skrini ya usukani). Ikishuka volti 2 au 3 kisha ikarudi, ni nzima. Ikiporomoka hadi 47 wakati imejaa, seli zimechoka au si uwezo ulioandikwa.

fundi_spoki

Namalizia upande wa pedeli, maana vipimo vimepatikana. Goti 85, toa akiba 10, tunalenga 75: mikono ya milimita 75 hadi 80 pande zote mbili.

Mikono mizima ya ukubwa huo ni adimu. Agiza vipande vya kufupishia. Ni bapa la chuma linaloingia kwenye tundu la pedeli la mkono wa zamani na kulala juu yake, likiwa na matundu kadhaa ya kuchagua urefu. Uzi ni wa inchi 9/16, uleule wa pedeli za watu wazima. Kumbuka kushoto uzi ni wa kinyume: pedeli ya kulia hufunguka kinyume cha saa, ya kushoto hufunguka kwa mwendo wa saa. Mafundi wengi wameharibu nyuzi hapo kwa kulazimisha, na mkono wa alumini ukishaharibika uzi hauna dawa ya kudumu. Spana ni namba 15. Paka grisi kwenye uzi, ingiza kwa mkono mizunguko mitatu kabla ya kushika spana, kaza kwa nguvu ya kama Nm 35 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Baada ya kilomita 50 kaza tena. Bapa likilegea kidogo hutafuna tundu kimya kimya.

Kwa kuwa utaanza na matundu, usiende moja kwa moja kwenye 75 ukadhani umemaliza. Nyanyua gurudumu la nyuma, umeme umezimwa, kaa juu, mtu akuzungushie pedeli kwa mkono. Goti lipite juu bila nyonga kunyanyuka upande wa kulia. Nyonga ikinyanyuka, ujue goti limegoma na mwili unalificha. Pandisha kiti au sogea tundu la ndani zaidi.

Mambo mawili yanakuja na vipande hivyo. Miguu itapanuka kama sentimita 2 kila upande. Na ncha ya mkono wa zamani inabaki ikizunguka nje ya pedeli, inaweza kunasa dera au baibui. Funga mkanda kwenye kifundo cha mguu, weka kava kamili la cheni, na wavu pande zote za gurudumu la nyuma. Kiti nacho kitapanda kama sentimita 9, hivyo hutagusa ardhi ukiwa umekaa. Ukifika kwenye taa, teleza mbele utoke kwenye kiti na ushushe mguu wa kushoto. Ndiyo sababu fremu ile ya chini haina mbadala kwako. Mguu wa kulia usiufunge kwenye pedeli kwa kamba. Kizuizi kidogo nyuma ya kisigino kinatosha.

Kwenye eksileta, ya kidole gumba uliyoiona ni bora kuliko ya kuzungusha. Ya kuzungusha, mtu anayepanda kwa kujishikilia kwenye usukani huikamata bila kujua na baiskeli inaruka mbele. Hata hivyo panda umeme ukiwa umezimwa, washa ukishakaa sawa. Kisha ujaribu kama inaondoka kutoka sifuri: simama, usiguse pedeli, bonyeza. Kontrola nyingine zimepangwa zisikubali mpaka uwe umeanza kutembea, na mpangilio huo hubadilishwa kwenye kioo. Mwambie muuzaji aubadilishe mbele yako, kabla ya malipo.

Breki mwisho. Kataa yoyote ambayo breki ya nyuma ni ya kurudisha pedeli, goti lako halitaweza kuisimamisha. Zote mbili ziwe za mkononi, na kila mpini uwe na swichi ya kukata mota. Jaribu hivi: gurudumu la nyuma hewani, bonyeza eksileta nusu, vuta mpini wa kushoto kidogo tu, hata kabla breki haijashika. Mota inyamaze palepale. Rudia kwa wa kulia. Ukiona mmoja haukati, angalia plagi ya waya wake kwanza; kwa chumvi ya hewa ya huku pini zake hushika kutu kijani. Safisha, paka grisi ya umeme, jaribu tena. Bado haikati, swichi imekufa, ibadilishwe kabla baiskeli haijatoka dukani.